Mizani Ilijua Kabla ya Daktari

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, pamoja na wenzao waliokuwa Kericho, walichapisha uchunguzi uliotokana na daftari za mizani za shamba kubwa la chai magharibi mwa Kenya. Waliwatafuta wachumaji waliofariki au kustaafishwa kwa maradhi yanayohusiana na UKIMWI, wakarudi nyuma kuhesabu kilo zao za kila siku, kisha wakazilinganisha na za wenzao wenye afya. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kazini, mgonjwa alikuwa akipungukiwa na kati ya kilo 4 na karibu kilo 8 kwa siku. Mwaka wa pili kabla ya kuondoka, kipato chake kilikuwa kimeshuka kwa asilimia 16. Mwaka wa mwisho kilishuka kwa karibu asilimia 18.

Ni watu wachache sana Kenya, hata wenye bima nzuri na daktari wao wa siku zote, ambao nguvu za miili yao hupimwa na kuandikwa kila siku ya kazi. Mchuma chai huandikiwa. Mbele ya namba yake pana tarakimu, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Mgongo ukianza kuuma, tarakimu inashuka. Mimba ikikua, inashuka. Akifiwa, inashuka. Daftari linayaona yote hayo, ila halikutungwa ili mtu aitwe pembeni aulizwe, "Mama, una nini?" Lilitungwa kukokotoa mshahara, na kwa hiyo jibu lake kwa ugonjwa ni moja tu: kumpunguzia mgonjwa pesa wakati ule ule anapozihitaji zaidi.

Hapo ndipo mjadala wa ustawi wa wafanyakazi katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet ungepaswa kuanzia. Tumezoea kuuanzia kwenye makaratasi: sera, vyeti, namba za simu za malalamiko, kamati za jinsia. Vyote hivyo Kericho ilivipata mapema. Mashamba ya Unilever ya Kericho yalipewa cheti cha Rainforest Alliance mwaka 2007, yakiwa ya kwanza kwa upande wa chai. Mwaka 2018 Unilever na UN Women walitoa mwongozo wa usalama wa wanawake katika maeneo ya mashambani, uliojengwa juu ya kazi iliyofanyika hapo hapo. Halafu Februari 2023 BBC ikaonyesha filamu ya uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 waliowahi kufanya kazi katika mashamba yaliyoendeshwa na Unilever na James Finlay walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Mwandishi mwanamke aliyeingia akijifanya mtafuta kazi alikutana na shinikizo hilo hilo.

Wapo waliosema sera zilikuwa nzuri, watekelezaji ndio waliokuwa wabaya. Sikubaliani nao. Tazama alicho nacho msimamizi mkononi. Yeye ndiye huathiri nani aitwe msimu ukifunguka na nani aambiwe arudi mwezi ujao. Ndiye humpeleka huyu kwenye mistari iliyojaa majani, na yule kwenye mteremko uliochumwa juzi. Anaweza kusema mzigo una majani magumu, ukakataliwa. Anaweza kumpa mjamzito kazi nyepesi au kumwacha abebe kikapu. Kila uamuzi wa namna hiyo unageuka kilo, na kilo zinageuka chakula cha nyumbani. Ukimpa mtu mmoja madaraka yote hayo juu ya mwenzake, kisha ukabandika ukutani namba ya simu ya kulalamika, umemwachia mwanamke achague kati ya kunyamaza na kulala njaa.

Na si chakula tu. Katika mashamba makubwa mfanyakazi huishi katika kijiji cha kampuni, watoto wake husoma shule iliyo ndani ya shamba, na akiugua huenda kwenye zahanati ya shamba. Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi au posho inayotosha kodi, na kampuni za chai zilichagua makazi tangu zamani, kwa kuwa mashamba yako mbali na miji na wafanyakazi wengi walitoka mbali. Ni jambo jema kwa mtu asiye na kwake karibu. Lakini maana yake ni kwamba kazi ikikatika asubuhi, nyumba, shule na daktari navyo viko hatarini. Mfanyakazi wa ofisi Nairobi akigombana na bosi hupoteza mshahara. Mchuma chai hupoteza mtaa mzima.

Jinsi utegemezi huo unavyoweza kuwa mkali ilionekana baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Makundi yalivamia vijiji vya wafanyakazi katika shamba la Unilever Kericho, yakiwalenga walioonekana kuwa wageni katika eneo hilo. Watu waliuawa, wanawake wakabakwa. Waathirika 218 walifungua kesi London dhidi ya kampuni ya Kenya na kampuni mama, wakisema hawakulindwa mahali walipowekwa na mwajiri. Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa kuiruhusu kesi hiyo iendelee, kwa maelezo kwamba kampuni mama haikuwa na wajibu wa kisheria kwao katika mazingira yale. Chuki ile ina mizizi mirefu. Ardhi yenyewe ilichukuliwa na serikali ya kikoloni kutoka kwa Wakipsigis, na ukoo wa Talai ukahamishiwa Gwassi kwa nguvu ya sheria ya mwaka 1934. Mashamba yakajaza wafanyakazi kutoka kwingine. Aliyenyang'anywa na aliyeletwa wakabaki wanatazamana juu ya ua mmoja, na bado wanatazamana, hasa nafasi za kazi zinapopungua.

Nimetaja Japani mara nyingi katika mafunzo ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na kila mara huulizwa ofisi za Tokyo zinahusiana nini na Kericho. Zinahusiana kwa jambo moja. Wajapani walijua kwa miongo kadhaa kwamba watu wao wanakufa kwa kazi, na kwa muda mrefu waliishia kuhimizana. Hali ilianza kugeuka walipoweka tarakimu. Mwaka 2014 walitunga sheria ya kuzuia vifo vinavyotokana na kazi. Kuanzia Desemba 2015 kila mahali pa kazi penye watu 50 au zaidi palitakiwa kuwapima wafanyakazi msongo wa mawazo kila mwaka. Mwezi huo huo Matsuri Takahashi, binti wa miaka 24 aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya matangazo ya Dentsu, alijitoa uhai, na mwaka uliofuata serikali ikatambua rasmi kwamba kazi ndiyo iliyomuua. Sheria ya 2018, iliyoanza kutumika Aprili 2019, ikaweka kikomo cha saa za ziada: 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, na hata pakiwa na dharura zisizidi 720. Kisha, kuanzia Juni 2020 kwa kampuni kubwa na Aprili 2022 kwa ndogo, waajiri wakawajibishwa kuzuia unyanyasaji unaofanywa na wenye cheo.

Utamaduni wa kazi wa Japani haukupona kwa sheria hizo, na wenyewe hawadai hivyo. Ila walifanya mambo mawili ambayo sisi hatujayafanya katika chai. Walikipima kile kinachomuumiza mfanyakazi, na wakautaja uonevu wa bosi kuwa kosa la mwajiri, si tabia mbaya ya mtu binafsi tu.

Kinachomuumiza mfanyakazi wa ofisi ya Tokyo ni saa. Kinachomuumiza mchuma chai ni kilo. Ukimwekea mchumaji kikomo cha saa bila kugusa kilo, atayakimbiza majani ndani ya saa alizobakiziwa, na mapumziko ya kisheria atayala mwenyewe kwa hiari. Sheria yetu inampa siku moja ya kupumzika katika kila siku 7, likizo ya siku 21 kwa mwaka, na miezi 3 ya uzazi kwa mshahara kamili. Lakini mshahara kamili wa mtu wa kilo ni upi? Ni wa mwezi wa Mei, mvua zikiwa nzuri na vikapu vimefurika, au wa Februari, majani yamekauka? Na mwenye mkataba wa msimu, ambaye mkataba wake huisha kabla tumbo halijaonekana vizuri, likizo hiyo ataipatia wapi?

Hali ya hewa yenyewe ni mwajiri wa pili. Ukanda wa Kericho na vilima vya Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Dakika chache zinatosha kuchana machipukizi yote ya shamba, na baada ya hapo siku hupita bila jani la maana la kuchuma. Katika miaka ya 1960 kampuni zilikuwa tayari zinarusha maroketi angani kujaribu kuizuia mvua hiyo, na baadaye zikatumia ndege. Fedha na akili nyingi zilitumika kulinda jani. Kulinda ujira wa anayelichuma, siku ambayo mawe yameanguka bila kosa lake, ni jambo lililoachwa libishaniwe mezani, mkataba baada ya mkataba. Ningetaka siku ya mawe ihesabiwe kuwa siku ya kazi, ilipwe kwa wastani wa mchumaji mwenyewe, na iandikwe hivyo bila mafumbo.

Kubishana mezani nako kuna historia chungu. Mwaka 2016 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliwapa wafanyakazi wa mashamba ya chai nyongeza ya asilimia 30 kwa mkataba wa 2014 na 2015. Waajiri wakakata rufaa. Oktoba 2017 makumi ya maelfu ya wafanyakazi wakaweka vikapu chini na kugoma. Chama chao, Kenya Plantation and Agricultural Workers Union, kimepigania asilimia kwa bidii na kinastahili heshima kwa hilo. Lakini katika miaka yote hiyo ya kupigania bei ya kilo, madaraka ya msimamizi hayakupata nafasi ileile mezani. Nyongeza ya asilimia 30 haimsaidii mwanamke ambaye lazima ampendeze mtu ndipo aruhusiwe kuchuma.

Sasa ongeza mashine. Hapa Japani inarudi kwa mlango mwingine. Mikasi ya kukatia chai ilienea kule mwanzoni mwa karne ya 20, na katika miaka ya 1960 wakulima wa Shizuoka na kwingineko wakaanza kutumia mashine za injini, zikiwemo zile zinazoshikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari. Walizihitaji. Vijana walikuwa wameondoka vijijini kwenda viwandani, na chai ilikuwa inazeeka juu ya kichaka. Mashine ilikuja kujaza pengo la mikono iliyokwisha kuondoka. Kericho mashine ya namna hiyo hiyo ilikuta mikono imejaa getini. Kamati iliyoundwa na kaunti ya Kericho ilikadiria kwamba nafasi 30,000 za kazi zilipotea kwa sababu ya mashine katika muongo mmoja, ikapendekeza mashine zisizidi asilimia 60 ya uvunaji na mikono ibaki na 40. Mei 2023 waandamanaji waliingia mashambani na kuzichoma mashine moto, na mwandamanaji mmoja aliuawa.

Mara nyingi mjadala wa mashine huendeshwa kana kwamba ni hesabu ya ajira peke yake. Mimi naiona pia kuwa hesabu ya heshima. Nafasi zikiwa nyingi, msimamizi mwonevu anaweza kukimbiwa, kwa kuwa shamba la jirani linaajiri. Nafasi zikipungua kwa maelfu, kila iliyobaki inapanda bei, na anayezigawa ndiye anayepokea bei hiyo kwa namna anayoitaka yeye. Kila mashine iliyoingia bila mpango imemwongezea nguvu mtu aliyekwisha kuwa na nguvu kupita kiasi. Wanawake waliozungumza mwaka 2023 hawakuwa wanasimulia masalia ya zamani. Walikuwa wanasimulia soko la kazi la sasa.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni la kiofisi, na halina mvuto wowote. Msimamizi anyang'anywe orodha. Uitaji wa wafanyakazi wa msimu ufanywe na ofisi isiyo ya kijiji hicho, kwa zamu iliyobandikwa hadharani, aliyefanya kazi msimu uliopita akitangulia. Mistari igawanywe kwa mzunguko ulioandikwa, ili leo ukipewa mteremko mkavu, kesho upewe mstari uliojaa majani. Mzigo ukikataliwa mizani, sababu iandikwe na mtu wa pili atie sahihi. Haya hayahitaji mtaalamu kutoka Geneva. Yanahitaji kampuni ikubali kwamba Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira, kinachomtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na tamko la sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono, hakitoshi ikiwa njia ya kupata kazi yenyewe inapita mikononi mwa mtu mmoja.

La pili ni daftari. Ningependa kuona kilo zikitumiwa kama Wajapani wanavyotumia kipimo chao cha msongo. Mchumaji akishuka kwa wiki mbili chini ya wastani wake mwenyewe, wakati wenzake wa mstari huo hawakushuka, taarifa iende kwa muuguzi wa zahanati, na ujira wake usishuke mpaka aonwe. Taarifa hiyo isipitie kwa msimamizi hata kidogo, maana ikipitia kwake itageuka orodha ya watu wa kuachishwa. Siku hizi mizani mingi ni ya kielektroniki na tarakimu huenda moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa hiyo hesabu hii si ngumu. Ugumu wake uko kwenye uaminifu: wafanyakazi wana kila sababu ya kuogopa kwamba kipimo chochote kitatumiwa dhidi yao, na ndiyo maana chama chao lazima kishike nakala ya utaratibu na kiwe na haki ya kuusimamisha.

Daftari lingesaidia pia mahali ambapo wengi wamekwama. Zaidi ya wachumaji 1,000 walipeleka madai katika mahakama kuu ya Scotland, Edinburgh, dhidi ya James Finlay (Kenya), wakisema mwendo wa kazi na uzito wa mizigo viliwaharibu migongo, shingo na viungo. Kampuni ilikanusha. Mwaka 2023 majaji wa rufaa wakaisimamisha kesi ili kwanza wadai wafuate utaratibu wa Kenya chini ya sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007. Utaratibu huo unamfaa zaidi aliyekatwa kidole na mashine: tukio lina saa yake, shahidi wake na damu yake. Mgongo wa mchuma chai hauna saa. Huchakaa kilo kwa kilo kwa miaka 15, na siku anapoenda kwa daktari hakuna tukio la kuandika kwenye fomu. Lakini kilo zake zipo. Zinaonyesha alibeba nini, kwa siku ngapi, na lini mwili ulianza kukataa. Haki ya kila mfanyakazi kupewa historia yake ya kilo anapoondoka kazini ingebadilisha kesi za namna hii kuliko hotuba yoyote.

Wakati wa kuyadai haya ni sasa, kwa sababu wenye mali wamebadilika. Unilever iliuza biashara yake kubwa ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC mwaka 2022. Baada ya hapo Browns Investments ya Sri Lanka ikachukua mashamba ya James Finlay, na mwaka 2024 ikatangazwa kuwa ndiyo inayochukua pia yale yaliyokuwa ya Unilever. Kampuni moja sasa imeshika sehemu kubwa ya vijiji hivyo. Mapatano ya mauzo yaliahidi asilimia 15 kwa wenyeji wa eneo, na historia ya ardhi inafanya ahadi hiyo iwe ya haki. Swali nililo nalo kwa watakaosimamia hisa hizo ni kama watakaa kwenye vikao kusubiri gawio tu, au watauliza pia jinsi watu wanavyoitwa kazini. Mwenye hisa kutoka kijiji cha jirani, ambaye binti yake anachuma pale, ana sababu ya kuuliza ambayo mwekezaji wa London hakuwahi kuwa nayo.

Yote niliyosema yanawahusu wenye mwajiri anayejulikana. Ukiteremka Konoin na Bomet Mashariki, kwa wakulima wanaopeleka majani viwanda vya Mogogosiek, Kapset, Tirgaga na Kapkoros, hali ni nyingine. Mwenye ekari mbili humwita jirani amchumie, humlipa kwa kilo jioni, na hakuna mkataba, likizo wala zahanati. Wala mkulima huyo si tajiri. Bonasi ya magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya mashariki kwa miaka, na malalamiko yake ni ya haki. Lakini anayechuma kwa niaba yake yuko chini yake zaidi. Tangu bima mpya ya afya ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, aliyeajiriwa rasmi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara mwezi kwa mwezi, na kibarua asiye na mwajiri rasmi hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu anayelipwa jioni kwa jioni ataipata wapi pesa ya mwaka mzima?

Njia ipo, na inapita kwenye mizani ya kituo cha kununulia majani. Kila mkulima ana namba pale, na kila kilo inaingia kwenye namba hiyo. Mchumaji hayumo. Kiwanda kikiongeza namba ya pili, ya aliyechuma, makato madogo kwa kila kilo yanaweza kwenda SHA kwa jina lake, mkulima akichangia nusu na kiwanda kikikusanya, kama kinavyokusanya leo deni la mbolea. Wakurugenzi wa viwanda huchaguliwa na wakulima wenyewe. Wanaweza kulipitisha jambo hili katika mkutano mkuu ujao, kiwanda kimoja kimoja, kabla Nairobi haijasema neno.